Mawe Kumi Chini ya Josho

Kazi yangu ilikuwa kuinua mawe na kutazama chini yake. Ninyi mlioikuta ofisi ikiwa na meza na kabati mtadhani ninatania, lakini miaka yote niliyofanya kazi katika mito ya Kericho na Sotik, siku nyingi nilizimaliza nikiwa nimeinama, maji yakinifika magotini, nimeshika jiwe kwa mikono miwili kama mtu anayeiba. Mmeniomba niandike ninayoyakumbuka kabla sijarudi kwetu ziwani. Shule yangu ni madarasa manne ya misheni, kwa hiyo nitaandika jinsi nilivyokuwa nikiandika kitabu cha kazi: nilichoona, mahali nilipokiona, na palipo na kosa langu nitasema ni langu.

Nilianza wakati msitu ulipokuwa ukikatwa na miche ya kwanza ya chai ikipandwa. Serikali ilitaka kujua mito ile ina viumbe gani, na hali yao ikoje, kabla ya kutiwa samaki wa kigeni ambao Wazungu walipenda kuwavua kwa ndoana siku za mapumziko. Aliyeletwa kupima alikuwa Mzungu mrefu mwenye kikohozi, tukamwita Bwana Samaki. Alinijaribu kwa kumwaga kikapu cha samaki juu ya gunia, nikawataja: ningu, fwani, kambare, na wale wadogo ambao kwetu huachiwa watoto. Kisha akaniambia niandike tarakimu kutoka moja hadi mia. Hakuniuliza kama najua kuogelea. Sijui mpaka leo, na kwa mtu aliyezaliwa ziwani hilo si jambo la kujisifia.

Siku ya kwanza tulishuka bondeni karibu na Kabianga. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na mto tuliusikia tu, hatukuuona. Nilifungwa kamba kiunoni, na ncha ya pili akapewa Kiprono arap Tonui, Mkipsigis wa rika langu aliyeajiriwa kutuonyesha njia. Nilikuwa nimemjua kwa muda wa saa mbili. Maji yalikuwa baridi ya kuuma meno, na chini palikuwa na mawe yanayoteleza kama sabuni. Nilitetemeka hadi kamba ikatetemeka.

“Wewe mtu wa ziwa,” Tonui alisema kutoka ukingoni, “maji si ni ya mama yako? Mbona unatetemeka kama mbuzi ya harusi?”

Nilikuwa nikiwaza kama ataishika kamba ile au ataiachilia ajikune. Aliishika, siku ile na siku nyingine nyingi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mto ulikuwa na vituo vyake, na kila kituo kilikuwa na mawe kumi. Tuliyainua taratibu, wavu ukiwa umewekwa upande wa chini, na kila mdudu aliyetoka tulimhesabu. Yupo mwenye mikia mitatu, yupo mwenye mikia miwili, na yupo anayejijengea nyumba ya changarawe akaivaa kama kanzu. Hao ndio wenye mto. Bwana Samaki alikuwa amefanya kazi baharini kabla ya kuletwa kwetu, akipima matumbawe na viumbe vyake upande wa Mombasa, na alisema bahari na kijito hupimwa kwa njia moja. Rudi mahali pale pale, fanya vile vile, usishangilie samaki mkubwa uliyemwona. Tafuta mdogo ambaye humwoni. Baada ya wadudu tulihesabu kaa, vyura, na mwisho samaki. Tonui aliwahesabu samaki wote wala hakumgusa hata mmoja. Kwao, siku zile, samaki alikuwa ndugu yake nyoka, na mtu aliyemla alitazamwa kwa huruma.

Kitabu kilikuwa na sheria moja. Hakifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya neno ili lisomeke, kisha unaandika la kweli chini yake. Nilidhani ni ubahili wa vifutio.

Sheria ya pili ilihusu ndoo, nayo tuliileta sisi watu wa ziwa. Kwetu, kiangazi maji yakibaki vidimbwi, watu hutwanga mmea unaoitwa utupa na kuutia majini. Samaki hulewa, huelea, huokotwa. Nyama yake haimdhuru mtu. Nimeila utotoni mara nyingi. Na ukimwahi samaki aliyelewa utupa ukamtia katika maji safi, mara nyingi huzinduka. Nilipomweleza Bwana Samaki aliandika ukurasa mzima, na tangu hapo ikawa kila tukikuta samaki wanaelea, kwanza achukuliwe mmoja anayepumua bado, atiwe ndooni katika maji ya juu ya mto, tungoje muda wa kuvuta kiko kimoja. Akizinduka, ni utupa. Asipozinduka, hatujui ni nini, na mtu asiguse kitu. Sheria ilikuwa yangu. Naomba mkumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Miaka ilipita na hofu ikaniingia polepole, bila tukio. Palipokuwa na msitu pakawa na mashamba, na mvua ikinyesha mito ilikuwa myekundu kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. Kituo kimoja njia ya kwenda Kedowa, mwaka wa kwanza tulihesabu wadudu mpaka Tonui akalalamika mgongo. Miaka mitatu baadaye tuliinua mawe kumi tukapata mdudu mmoja, naye amelala. Ukiingia nyumba ukaikuta na watu, huogopi. Ukiingia ukaikuta na vyombo vyote na moto jikoni, lakini hakuna mtu, hapo ndipo nywele husimama. Nilikuwa nikiinua jiwe na kufumba macho kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kijito sitakitaja. Kiko upande wa Sotik, na watoto wa mwenye shamba lililo juu yake wako hai na hawakufanya kosa lolote. Mimi na mke wangu Miriam tulikuwa tumepewa chumba katika kambi ya vibarua wa chai upande wa chini wa kijito hicho. Jirani yetu alikuwa Makori, Mkisii, fundi wa kunoa mapanga, mtu wa kwaya, mwenye mke aliyeitwa Kwamboka na mtoto wa kike asiyetembea bado. Makori ndiye mtu pekee pale kambini aliyependa kusikia habari za wadudu wa majini. Aliniita mwalimu, kwa kejeli kidogo na heshima kidogo, sikuwahi kujua kipi kilizidi.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya nusu kazi. Bwana Samaki alikuwa Kisumu, amelazwa kwa homa. Mimi na Tonui tulifika kituo cha kijito kile saa saba hivi na tukakuta vibarua wamejaa ukingoni, wanacheka. Samaki walikuwa wanaelea. Wengi walikuwa wamekufa, wachache wanafungua vinywa. Makori alikuwa tayari ndani ya maji, suruali imekunjwa, kikapu kimejaa nusu. Alikuwa ameshakunywa maji yale kwa kiganja, maana jua lilikuwa kali.

“Mwalimu,” aliniuliza mbele ya wote, “hii samaki inalika ama hailiki? Sema wewe.”

Watu wakanyamaza wakinitazama. Sikuwa nimewahi kunyamaziwa na watu wengi hivyo. Nilitazama dimbwi, nikaona majani yaliyopondwapondwa yameganda kwenye jiwe, na moyo wangu ukaenda moja kwa moja nyumbani, kwa baba na wajomba na kiangazi cha kwetu. Nikasema ni utupa, mtu amelevya mto, wachukue tu wakale.

Tonui alinigusa bega. “Pima kwanza,” alisema. “Ndoo hii hapa.”

Nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote: “Wewe unaogopa samaki hata akiwa amekufa.”

Walicheka sana. Tonui akaiweka ndoo chini, akageuka akatazama miti. Nilitoa kitabu nikaandika: samaki wengi wamekufa, sababu utupa wa wenyeji. Nikachagua samaki watatu wazuri nikampa Makori ampelekee Miriam.

Majani yale, nilikuja kujua baadaye, yalikuwa ya chakula cha ng’ombe.

Watu walipoondoka tulikuwa bado hatujainua mawe. Tuliinua la kwanza. Walikuwepo wadudu, lakini hawakukimbia. Walidondoka wavuni kama mbegu. La pili hivyo hivyo. La tatu lilikuwa na kaa aliyekufa, miguu imekunjwa. Tukapanda na kijito. Utupa hutiwa dimbwi moja, na ukipanda hatua hamsini unakuta mto mzima. Sisi tulipanda mpaka jasho likatutoka na kila dimbwi lilikuwa vile vile. Chura tulimkuta nje ya maji, amelala chali kwenye nyasi, kana kwamba alikuwa amejaribu kukimbia.

Nilichukua ndoo mwenyewe. Kulikuwa na mfereji mdogo wa chemchemi upande wa pili, nikateka maji yake, nikamtia fwani mmoja aliyekuwa bado anapumua. Tuliketi. Tonui aliwasha kiko, akakivuta hadi kikaisha, naye hakuvuta kwa haraka. Samaki aliinama upande mmoja, akapiga mkia mara moja, akatulia.

Juu zaidi tukafika mpaka wa shamba. Nyuma ya ua kulikuwa na josho, lile shimo refu la saruji ambamo ng’ombe huogeshwa kwa dawa ya kuua kupe. Lilikuwa limetoka kusafishwa. Mfereji mpya ulikuwa umechimbwa kutoka josho hadi kijitoni, na nyasi za kando yake zilikuwa zimeungua bila moto. Dawa ile kila mchungaji aliijua. Ng’ombe akiilamba hafiki jioni.

Sikumbuki nilivyoshuka. Najua nilianguka mara mbili na kwamba Tonui alinipita, ingawa hakuwa na mtu wa kumkimbilia kule kambini na mimi nilikuwa na mke. Nilikuwa nikihesabu njiani. Saa moja na nusu tangu waondoke. Kuwasha moto, kuparua magamba, kuchemsha. Na maji ya kuchemshia wameyateka wapi? Nilijua wameyateka wapi.

Miriam alikuwa ameketi mlangoni, chungu kiko motoni, kimefunikwa. Alikuwa hajala. Alikuwa akiningoja nianze mimi, kama ilivyo desturi ya nyumba yetu, desturi ambayo nilikuwa nimemtania mara nyingi kwamba imepitwa na wakati. Nilikipiga chungu teke. Alinitazama kama mtu aliyeolewa na kichaa, nami sikuwa na pumzi ya kumweleza. Nilienda chungu baada ya chungu. Mtu mmoja alinishika shati akasema Odera amekuja kudai samaki zake, na wengine wakasema mwacheni, ni choyo cha watu wa ziwa. Tonui alikuwa upande wa pili wa kambi akimwaga vyungu bila maelezo, na yeye hawakumcheka, kwa sababu walijua kwamba yeye hali samaki.

Makori alikuwa ameketi kwenye gogo mbele ya mlango wake. Mbele yake kulikuwa na mifupa.

“Umechelewa, mwalimu,” alisema, akilamba vidole. “Lakini kichwa nimekuwekea.”

Nilimwambia atapike. Akadhani ni mzaha, akaniuliza nani hutapika chakula kitamu hivyo. Kwamboka alitoka na mtoto mgongoni, sinia mkononi, alikuwa ndiyo kwanza anajipakulia. Alinitazama usoni akaiweka sinia chini polepole. Yeye hakuhitaji kuelezwa.

Walikuwa wamekula watu wanane. Dresa wa kambi, mtu wa kuhudumia wagonjwa, aliwanywesha maji ya chumvi na maziwa, Tonui akikimbia nyumba za jirani kuyaomba. Wote wanane waliugua, na kwa siku mbili kambi nzima ilinuka matapishi. Saba walipona. Makori alifariki Jumatatu asubuhi, watu walipokuwa wakijipanga kwenda mashambani. Dresa alisema hawezi kujua kama ni samaki au ni maji aliyokunywa pale mtoni kabla sijafika. Kuna watu waliniletea maneno hayo kama zawadi. Sikuyapokea. Neno langu lilikuwa juu ya samaki, na yeye alikula kwa neno langu.

Wiki ile ile alikuja afisa wa serikali kuuliza. Mwenye shamba alisema vibarua ndio wanaotia sumu mitoni, kila mtu anajua, na wawili walikuwa wameshafungiwa. Walikuwa rafiki zake Makori, mmoja wao bado anatapika. Nikaagizwa nilete kitabu. Bwana Samaki alikuwa amerudi, mwembamba, amejifunga blanketi. Alisoma nilichoandika, akauliza kama nilitumia ndoo. Nikasema niliitumia, lakini baadaye. Akaniambia wazi kwamba nikikabidhi kitabu kilivyo, hakuna atakayeniuliza zaidi. Nikisema kingine, swali la kwanza litakuwa nani aliwaruhusu watu wale. Hakunishauri. Alinipa kalamu tu.

Nilipiga mstari mmoja juu ya neno utupa. Chini yake niliandika: si kweli, sikupima, dawa ya josho, mfereji nimeuona. Mwandiko wa siku ile ni mbaya. Kitabu mnacho, mtauona.

Mbele ya afisa nilisimama na Tonui nyuma yangu. Mwenye shamba hakunitazama. Alitazama kitabu, kana kwamba kitabu ndicho kilichomsaliti. Afisa aliuliza kuhusu mfereji, nyasi, kaa. Kisha akauliza: “Na nani aliwaambia watu wachukue samaki?”

“Ni mimi,” nilisema.

Wale wawili waliachiwa baada ya siku nne. Mfereji ulifukiwa. Mwenye shamba hakushtakiwa, wala mimi. Kwa miezi mitatu nilingoja kukamatwa, na kila askari aliyepita barabarani nilidhani ni wangu. Miriam alikuwa amenifungia nguo katika kitambaa, akaziweka karibu na mlango bila kusema ni za nini.

Kwamboka hakurudi kwao Kisii. Kaka yake alikuwa mpishi pale kambini, akabaki naye. Nilikwenda kwake baada ya kilio kwisha, nikiwa nimetayarisha maneno mengi, na yote yakanitoroka. Alikuwa akimwosha mtoto ndani ya karai.

“Shemeji,” alisema, “ile siku ulipima?”

“Sikupima.”

Alimimina maji juu ya kichwa cha mtoto, akimfunika macho kwa kiganja. “Kuna mtu ananiambia ni mwenye shamba, kuna mtu ananiambia ni wewe. Mimi nitajua hiyo yangu. Sasa hivi natoa maji kwa chemchemi ya huko mlima, na mgongo unaniuma. Wewe uniambie siku gani mtoto atakunywa ya hapa.”

Basi nikapima. Kituo kile hakikuwa katika orodha ya kila wiki, nikakiweka. Mawe kumi, kila Jumamosi. Mvua ndefu zilipita na chini ya mawe hapakuwa na kitu. Kila Jumamosi nilikwenda mlangoni kwake nikasema bado, naye alitikisa kichwa akachukua mtungi akapanda mlima. Mvua fupi zikaja. Nikaona mdudu mmoja, mwekundu, wa aina inayovumilia uchafu. Nikasema bado. Mwaka ukageuka. Nilianza kuogopa kwamba hata nikiona dalili njema sitaziamini, na kwamba mwanamke yule atapanda mlima mpaka azeeke kwa sababu ya woga wangu.

Asubuhi moja niliinua jiwe la saba, na mdudu mwenye mikia mitatu akakimbia juu ya kidole changu. Alikimbia. Jiwe la nane walikuwa wawili. Tonui aliwatazama, akanitazama, akauliza kama nitamwambia mama yule leo. Nikasema sijui. Akasema: “Sasa unaogopa kama mimi. Ni vizuri.”

Sikumwambia siku hiyo. Niliteka kikombe, nikanywa, nikateka cha pili, nikanywa. Nililala siku mbili nikisikiliza tumbo langu. Siku ya tatu nilikwenda nikamwambia Kwamboka kwamba wadudu wamerudi, kwamba nimekunywa mwenyewe na niko hai, na kwamba siwezi kumwapia zaidi ya hapo.

Hakushukuru, na hakuwa na sababu ya kushukuru. Alichukua mtungi, akashuka kijitoni mbele yangu, akaujaza. Mtoto alikuwa anatembea sasa. Aliinamia maji pale pale, akanywa kwa viganja viwili, akajimwagia kifuani akacheka.

Mtoto huyo ni msichana mkubwa sasa, anasoma misheni, na mara nyingine nikipita njia ile namkuta anateka maji. Ananiamkia vizuri. Akinyanyuka na kujitwika mtungi namwitikia, kisha naenda zangu, na siku mbili zikipita bila kusikia baya lolote kutoka nyumba yao, ndipo ninapolala.